Makaburi Yaliyopungua kwenye Ripoti

Mtu wa Kolwezi akikuambia kazi yake ni kuchora bustani, usimcheke. Migodi ikishageuza ardhi upande huu, lazima watu wapandiwe nyasi upande ule, na nyasi hizo kuna mtu huzichora kwanza. Honorine Mushiya ameifanya kazi hiyo miaka tisa katika ofisi moja ndogo ya mtaa wa Manika, na kwa ubishi mbele ya kompyuta hana mwenzake. Wengine fomula ikigoma huita fundi. Yeye huvua viatu, hukunja miguu juu ya kiti, na kuiambia mashine, "Utasema tu, we."

Kampuni moja ya madini ilipotaka ardhi yenye makaburi ya zamani nyuma ya mtaa wa Kapata, ilikubaliwa kwamba wafu wahamishwe, kila mmoja apate shimo lake, bamba lake la saruji na waridi lake. Kazi ya kuchora makaburi mapya akapewa Honorine. Angeweza kukataa, maana mwanawe Ariel, aliyeishi siku kumi na moja tu, alizikwa humo. Hakukataa. Alitaka amwekee mahali pazuri yeye mwenyewe.

Mumewe Polycarpe, ambaye yeye humwita tata, yaani baba, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, alimwuliza jambo moja tu.

"Mama Ariel, mutoto wetu atapata shimo yake mwenyewe?"

"Atapata, tata. Nilimuchora na mukono yangu."

Na kweli alimchora, mstatili mdogo kando ya njia. Siku ile hakuchora kingine.

Ripoti ya vifaa ikatoka: mashimo mia mbili kumi na mawili, mabamba mia mbili kumi na mawili, na mawaridi kadhalika. Wachimbaji waliishika kama Biblia. Kila sanduku lililotolewa ardhini lilibandikwa namba kutoka kwenye ripoti hiyo.

Wiki ya tatu mkuu wake, tata Ngoy, aliingia ofisini kofia mkononi.

"Mama Honorine, kuko masanduku kumi na tisa haina namba. Yote madogo. Angalia formule yako."

Honorine alivua viatu. Alihesabu makaburi kwenye mchoro kwa kidole: mia mbili thelathini na moja. Mchoro basi haukuwa na kosa. Akakagua kama kuna sehemu iliyofichwa; hakuna. Akakagua kama yote yameandikwa "kaburi", yote. Ndipo alipofungua jedwali linalotoa ripoti na kusoma sharti lililokaa juu kabisa: hesabu kila umbo lenye eneo linalozidi mita moja ya mraba.

Sharti hilo lilikuwa lake. Miaka mingi nyuma, akichora bustani ya hoteli, vipande vidogo vilivyobaki baada ya kukata mistari vilikuwa vikihesabiwa kama matuta ya maua, naye akaweka sharti la kuvifungia nje. Tata Ngoy alimsifu mbele ya wote. Tangu hapo alilinakili kutoka kazi moja hadi nyingine bila kulitazama tena.

Kaburi la mtoto mchanga lilikuwa na sentimeta themanini kwa mia moja ishirini. Alipiga hesabu mara tatu, kana kwamba kompyuta ingemwonea huruma. Sifuri nukta tisa sita.

Kulifuta sharti hakukuchukua hata dakika. Ripoti ikasema mia mbili thelathini na moja, sawasawa kabisa, na Honorine akalia kwa sauti.

"Juu haina namba, balibeka yote pamoja. Hakuna mutu anajua gani ni ya nani," alisema tata Ngoy. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshaiomba kampuni muda wa kuyatambua, akanyimwa. "Tutabaweka bote mu shimo moya."

Jumamosi wakazikwa. Padri alisoma majina kumi na tisa juu ya bamba moja pana. Watu walipotawanyika, Polycarpe alikuja na mche wa waridi ndani ya kopo la maziwa, aliokuwa akiumwagilia nyumbani tangu mvua za kwanza.

"Iko upande gani, mama Ariel?"

Angeweza kumwonyesha kona yoyote. Angeamini, maana hakuwahi kumtilia shaka.

"Sijui, tata. Ile formule, ni mi niliitia. Ilikuwa ya kutupa inje bitu bidogo bidogo, bile bya bure."

Polycarpe aliliweka kopo juu ya saruji.

"Ariel haikukuwa kitu ya bure," alisema.

Akaenda kumngoja ndani ya lori. Honorine alipiga magoti. Alilisogeza kopo kwenye kona ya kwanza, akalitoa, akalipeleka ya pili, kisha ya tatu.