Soseji Iliyopita Mikono Tisa

Darlene Wojcik, dereva wa basi la shule mjini Milwaukee, alikuwa hajakanyaga uwanja wa besiboli kwa miaka sita, tangu madaktari wamwambie kwamba ngano na shayiri, hata chembe, zinamwumiza utumbo. Mara ya mwisho kuvunja mwiko huo, alikula keki ya ubatizo wa mpwa wake kwa kuona haya kukataa. Alilazwa siku nne.

Mchana huo shemeji yake, Vern, alimnunulia soseji kwenye kibanda pekee uwanjani kisichotumia ngano. Kwa kuwa mchezo ulikuwa umepamba moto, Vern hakutaka kuisimamisha safu nzima ili apite. Alibaki kwenye ngazi akaipitisha kama watazamaji walivyozoea, kila mtu akimpokeza jirani yake.

Darlene aliitazama ikija. Mikono yote tisa ilikuwa imetoka kushika mkate au bia ya shayiri. Wa mwisho, mzee mnene mwenye kofia ya timu, aliifungua karatasi iliyofungia soseji.

"Kavu namna hii, dada? Ngoja nikunogeshee." Akachota kabichi chachu kutoka kwenye mkate wake, akaimwagia. "Haya, kula. Au wewe si wa hapa?"

Majirani wakacheka. Juu ya kabichi palikuwa na kipande cha mkate, kidogo kama ukucha. Ng'ata kidogo, Darlene alijiambia, wasikuone una maringo. Ndivyo alivyojiambia siku ya ubatizo.

"Siwezi kuila," alisema. "Ngano inanipeleka hospitali."

"Kijichembe hicho? Acha madaha, bibi. Hata mke wangu aliacha mkate wiki mbili, akaurudia."

"Mkeo alichagua. Mimi sikuchagua."

Mzee akanuna. Nia yake ilikuwa njema, na kwa hilo halaumiwi. Analaumiwa kwa kutouliza.

Darlene aliinuka, na safu nzima ikalazimika kuinuka.

"Mama, tumelipa tuone mpira, si mgongo wako," alifoka mtu wa nyuma.

Darlene alipita. Kibandani alimwomba mhudumu avae glavu mpya mbele ya macho yake, akasimama pale pale mpaka zikavaliwa. Alikula soseji ya pili akiwa ameegemea ukuta, na kila alipomeza alitulia kwanza, akilisikiliza tumbo lake.