Salamu za Meza kwa Meza

Nyumba ninayolala ilijengwa haraka, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuiona. Ni ya mabati, chumba na sebule, juu kidogo ya shamba letu la chai hapa Gesima. Kaka yangu alipofariki Nairobi hakuwa na nyumba huku. Kwetu mwanamume akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mama yake, hata akirudi ndani ya jeneza. Kwa hiyo baba zetu wadogo walileta mabati, vijana wakachimba mashimo ya nguzo huku mvua inanyesha, na kaka akalazwa humo usiku wa kabla ya kuzikwa. Baada ya matanga wengine walitaka ibomolewe. Mama akakataa. Akasema kifo kimeshaivunja nyumba ya mwanawe, haitavunjwa mara ya pili, na mimi kitinda mimba nikahamia humo. Kuna misumari ambayo haikupigwa hadi mwisho. Upepo ukitoka upande wa Keroka, bati moja linagonga. Sijalipigilia.

Niliacha shule kidato cha pili, baba alipofariki, nikashika kikapu cha chai. Kaka alikuwa ameshakwenda Nairobi. Hapa nyumbani ilisemwa kwamba anafanya kazi hotelini. Ukweli ni kwamba alikuwa fundi wa sauti katika klabu ya usiku, na kazi yake ilianza Ijumaa jua likizama, wakati uleule Sabato yetu inapoingia na mama anafunika sufuria za chakula cha kesho. Mama alijua. Kanisani hawakumwuliza, naye hakusema.

Msimu mmoja wa baridi, chai ikiwa haichipui, kaka aliniita nikamsaidie kubeba spika. Nilikwenda na suti yangu ya kanisani, kwa sababu ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Mchana alinionyesha nyaya, ipi inaingia wapi. Jioni watu walianza kujaa, nami nikafanya kile ninachofanya nikifika popote penye watu. Kwetu ukiingia kwenye mkutano, uwe wa harusi au wa kilio, unawapa wote mkono, mmoja mmoja. Ukimruka mtu umemtukana. Nikaanzia meza iliyo karibu na mlango.

"Huyu ni mhubiri?" msichana mmoja aliuliza huku akipokea mkono wangu. Nywele zake zilikuwa nyekundu kama udongo wa barabara yetu.

"Anagombea udiwani," mwenzake akasema. "Mheshimiwa, umetuletea nini?"

Nilisema sina kitu, nasalimia tu. Wakacheka, lakini walisimama kunipa mkono vizuri, wote. Nikaenda meza ya pili. Nilipofika katikati ya ukumbi nilimwona kaka kwenye mashine zake, amelaza kichwa nyuma kwa kicheko.

"Wewe, mdogo wangu, ukiwamaliza hao kutakuwa kumekucha."

"Sasa nimruke nani?" nikamwuliza.

Aliwatazama watu, akanitazama mimi. "Haya, malizia."

Nilipita ukumbi mzima nikingojea swali moja. Hapa kwetu huwezi kunywa hata maji kabla ya kuulizwa: wewe ni wa nani? Mtu anataka babako, ukoo wako, kilima chenu, ndipo ajue akuketishe wapi. Kule hakuna aliyeniuliza. Mwanzoni nilidhani hawanijali. Kisha msichana wa nywele nyekundu aliniita nikae nao, na akaniuliza ninapenda nini. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo maishani mwangu.

Nitasema na mabaya, maana yapo. Moshi wa sigara ulinichoma kifua, na nadhani ndio uliomwanzishia kaka kikohozi. Niliona kijana akiibiwa simu na watu wakiendelea kucheza. Lakini niliona pia kiziwi mmoja aliyekuja na kuweka viganja vyake juu ya spika, akafumba macho, akacheza bila kukosea. Watu walimwachia nafasi yake pale bila kuambiwa. Nikakumbuka kiziwi wa kijijini kwetu, ambaye tunamtumia kufukuza ndege tu.

Nyuma ya klabu palikuwa na jiko, na mpishi wake alikuwa mama mmoja wa Kiislamu aliyejifunga ushungi. Yeye ndiye aliyetupakulia ugali na mboga kabla ya kazi, sahani moja ya watu watatu: kaka, mwenzake wa kazi, na mimi. Nilikuwa nimeshakula nusu ndipo mwenzake huyo alipotaja kwao. Alitoka ng'ambo ya mpaka wetu, kwa watu ambao tangu utotoni nilisikia wakitajwa kila ng'ombe alipopotea. Mkono wangu ulisimama juu ya sahani. Kaka aliuona.

"Kula," alisema. "Yeye hakungoji."

Niliporudi Gesima, shamba lilikuwa palepale. Mimi ndiye niliyeanza kuona ua wa michongoma ulivyonizingira, kona hadi kona. Nikichuna majani wanawake walinitania, "Bwana Nairobi, cheza kidogo tuone." Sikukasirika. Nilikuwa na ahadi. Kaka alisema akishapata mtu wa kukaa na mama, nitakwenda kufanya kazi naye. Kila akipiga simu alisema, "Subiri kidogo." Nikasubiri. Halafu mapafu yakamshinda.

Siku ya mazishi historia yake ilisomwa, na humo alikuwa mfanyakazi wa hoteli. Msomaji hajamaliza, wakafika watu wa klabu. Walisimama kwenye lango, wamelowa, yule msichana akiwa mbele na nywele zake. Nilijua sasa kila mtu ameelewa ilikuwa hoteli ya namna gani, na niliogopa watafukuzwa kaka yangu akisikia.

Msichana yule akainama, akampa mkono bibi kizee wa kwanza aliyeketi kwenye majani ya migomba. Kisha wa pili. Wenzake wakamfuata kwa mstari. "Bwakire," walisema, salamu yetu ya asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri. Vikongwe wakaanza kucheka huku wanalia. Hawakumruka mtu, hata watoto waliokuwa kwenye ukuta wa choo.

Yule mwenzake kaka wa kazi alipomfikia baba mdogo, mzee aliushika mkono wake akauzuia.

"Wewe ni wa nani?"

Alitaja kwao bila kuficha. Watu waligeuka. Mzee hakuuachilia mkono.

"Nilikuwa nakula naye, mzee," yule kijana akasema.

Baba mdogo akauachilia mkono. "Basi chukua koleo," akamwambia. Kijana akafukia kaburi pamoja nasi.

Walipokuwa wakiondoka nilimwuliza msichana nani aliwafundisha salamu.

"Ni wewe," akasema. "Kaka yako alituambia tukija kwenu tufanye kama wewe."

Na yule mwenzake kaka wa kazi akaniambia, "Ile nafasi yake iko. Nyaya unazijua. Njoo." Mama alikuwa karibu, ameshika sahani. Asubuhi aliniambia, "Tata, ukienda, nenda mchana nikiwa shambani. Nisisikie mlango." Tata ni baba; hivyo ndivyo mama wa huku huwaita wana wao.

Sikwenda. Nikisema nilibaki kwa upendo nitakuwa najisifu. Nilibaki kwa sababu hakuna mwingine, na mama anaogopa upepo usiku. Kuna asubuhi naamka chini ya mabati haya kana kwamba niliyelazwa humu ni mimi.

Mwenzake kaka hunipigia simu Ijumaa jioni anapojaribu spika. Hatuongei sana. Ananisikilizisha: "Moja, mbili. Moja, mbili." Mimi namwambia kama sauti ni nzito mno. Ijumaa iliyopita nilikuwa jikoni kwa mama simu ilipolia. Jua lilikuwa linazama, naye anafunika sufuria.

"Sabato inaingia," alisema.

Nikanyoosha kidole kuizima.

"Ngoja," akasema. "Mwulize kama amekula."

Nikamwuliza. Akasema bado. Mama alibaki na kifuniko mkononi, mvuke ukimpanda usoni, kama mtu anayetafuta sahani.