Dobi Aliyerudisha Mashuka Wodini

Saa moja asubuhi. Mama Jiki amesimama mbele ya furushi la mashuka kutoka wodi ya wazazi, na hataki kuingiza mkono ndani yake. Anabana ncha ya shuka la juu kwa koleo, analikung'uta. Kitu kinadondoka sakafuni.

Ni sindano. Haina kifuniko. Ina damu.

"Umeona?" anamuuliza dobi mwenzake, sauti ikipanda. "Halafu tukipishana koridoni hao wauguzi wanaziba pua."

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili ni dobi wa hospitali kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Jina la utani alilipata kwa harufu ya jiki, dawa ya kung'arishia nguo, anayorudi nayo nyumbani kila jioni. Chumba cha kufulia kiko nyuma ya jengo. Dari linavuja, na kati ya mashine mbili moja imekufa. Kwa siku yanapita humo mashuka mia tatu. Madobi ni watatu.

Walikuwa wanne. Wa nne walimwita Komando, kwa kuwa alibeba mafurushi mawili kwa mpigo. Miaka miwili iliyopita, sindano iliyoachwa ndani ya shuka ilimchoma kiganjani. Akaambiwa apake spiriti aendelee na kazi. Akaugua homa ya ini, na mwaka haukuisha akafariki. Mazikoni hakuonekana mkubwa hata mmoja.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja shuka kubwa peke yangu," anasema Mama Jiki.

Mwezi uliofuata hospitali ikafanya sherehe ya kuwapongeza wafanyakazi. Madobi hawakualikwa. Vitambaa vya meza walifua wao.

Binti yake hachoki kumuuliza: "Mama, unang'ang'ania nini huko?"

"Mgonjwa akifika, kabla daktari hajamgusa, shuka limeshamgusa," humjibu. "Nikiondoka, nani atahakikisha halalii damu ya mwenzake? Kazi naipenda, mwanangu. Watu wa huko ndio wananichefua."

Leo analifunga furushi upya, analipakia kwenye toroli, analirudisha hadi mlango wa wodi na kuliacha hapo. Haijapita nusu saa, toroli linarudi, likisukumwa na muuguzi msimamizi mwenyewe.

"Mama Jiki, umerukwa na akili? Nina wazazi wanne wamelalia plastiki tupu!"

"Yakung'uteni, Sista, nami nitafua sasa hivi."

"Hiyo si kazi yangu!"

"Na kufa je, ndiyo kazi yangu?"

Sista anavuta shuka kwa hasira. Anakung'uta la kwanza. La pili. La tatu linatema wembe, unaanguka karibu kabisa na vidole vya mguu wake uliovaa ndala.

Anautazama. Haombi radhi. Anavaa glavu, anachukua koleo, na kuendelea kukung'uta, moja baada ya jingine, mpaka furushi linakwisha.

Kuanzia Jumatatu, Mama Jiki amepanga, wodi zote sita zitafuata utaratibu huo: furushi lisilokung'utwa mbele ya dobi litarudi lilikotoka. Ofisi imeshamtishia kumwandikia barua ya onyo.

"Waiandike," anasema, akisukumiza mashuka kwenye mashine. "Nitaisoma jioni. Sasa hivi kuna wazazi wanasubiri pa kulala."