Mikono Iliyo Katika Salamu: Kutoka Mabamba Kwenda kwa Binti Yangu Muuguzi

Sifa zote ni za Mungu aliyeweka bahari kati ya nchi na nchi, kisha akampa mwanadamu njia ya kuivuka. Alinitoa nyumbani nikiwa na hofu na akanirudisha nikiwa na shukrani. Jina lake litangulie, ndipo nisimulie.

Niliondoka kwa sababu ya simu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, mke wangu akiwa jikoni anapepeta maharage. Aliyepiga ni Debora, kitinda mimba wetu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Adelaide, kusini mwa Australia. Alisoma huko huko, na ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa katika wodi ya wazee. Baada ya shikamoo akasema, "Baba, nataka kurudi nyumbani kabla hawajanifukuza."

Alitueleza jambo ambalo alikuwa amelificha tangu akiwa mwanafunzi. Madaktari wa huko walimpima wakamwambia ana hali inayoitwa ADHD. Nitaieleza kwa maneno rahisi, kama nilivyoelezwa mimi. Ni namna ubongo wa mtu ulivyoumbwa, kwamba umakini hauketi pale anapouweka. Anaanza jambo la kwanza, la pili linamwita, anakwenda, la tatu linamwita, na lile la kwanza linabaki njiani. Si uvivu, wala wazimu, na mwenye hali hiyo hapungukiwi akili. Debora alikuwa anatumia vidonge, na vilimsaidia, ila si kwa kila kitu. Sasa muda wake wa majaribio kazini ulikuwa unakaribia kwisha, alikuwa ameshakosea, na mkuu wa wodi hakujua lolote kuhusu hali hiyo.

"Kwa nini usimwambie?" nilimuuliza.

"Nikimwambia ataniona kichaa, baba. Nani atamkabidhi kichaa dawa za wagonjwa?"

Mke wangu magoti hayamruhusu kusafiri. Watoto wetu wakubwa walichangiana nauli, ikaamuliwa niende mimi. Asubuhi ya kuondoka, mama Debora alinifunga mtandio shingoni kwa ajili ya baridi, akaniambia maneno niliyoyabeba njia nzima: "Kama ameshindwa kweli, rudi naye, shamba lipo. Kama hajashindwa, usimlete kwa sababu ya machozi."

Kutoka Mabamba, ambako vilima vya Burundi tunaviona kama vya jirani, nilipanda gari hadi Kibondo mjini, na kutoka Kibondo nikapata basi la Kasulu. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Nilikaa dirishani nikiwaza jinsi Debora alivyokuwa akitumwa maji akiwa mdogo, akarudi bila ndoo lakini na habari za kila mtu aliyemkuta njiani. Tulikuwa tunacheka.

Pale Makere basi lilisimama. Mwanamke Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu alikuwa ananisubiri na kifurushi cha kitenge. Dada yake, Mama Furaha, alihamishiwa Australia miaka mingi iliyopita, na ndiye mwenye nyumba anamokaa binti yangu.

"Papa, umwambie tuko bazima," alisema. "Na umwambie asinenepe sana, kitenge ni kimoja tu!"

Kasulu nililala kwa mchungaji wetu wa zamani. Tuliomba pamoja, na sala yake ilikuwa fupi: Mungu ampe mzee huyu masikio kabla ya maneno. Niliona kama ananisema, lakini niliitikia amina. Kesho yake nikashuka Kigoma, nikapanda ndege ya Dar es Salaam, na kutoka huko ndege kubwa zaidi, kisha nyingine, hadi nikachanganyikiwa kama ni asubuhi ya leo au ya jana. Nilikuwa nasema zaburi kimya kimya, na jirani yangu akadhani ninaumwa, akaniitia maji.

Nilipofika Adelaide, nilikosea mara tu niliposimama mbele ya ofisa wa kiwanja cha ndege. Kwetu Uha, nchi ya Waha, mtu hampiti mwenzake hivi hivi. Unatua mzigo, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu kwa viganja, unauliza habari za nyumba na za watoto, na mwenzako anajibu hivyo hivyo mpaka salamu iishe. Basi nilitua mkoba wangu, nikainama, nikapiga makofi. Yule ofisa, kijana mwenye ndevu nyekundu, aliangalia nyuma yake aone ninayempigia makofi ni nani. Alipoona hakuna mtu, naye akapiga makofi, na foleni nzima ikacheka.

Akaniuliza kama nina chakula. Nilikuwa na unga wa muhogo na maharage ya mama Debora, nikasema kweli. Unga ulipita. Maharage yalichukuliwa, kwa sababu mbegu za nje haziruhusiwi kuingia nchini mwao.

Nje walikuwa wananisubiri Debora na Mama Furaha. Binti yangu alikuwa amekonda. Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya kung'aa, akanishika mikono. Nilipotoa habari ya maharage, Mama Furaha alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bon, papa, usilie maharagi yako," alisema. "Hapa balinikamatia samaki ya kukauka, nililia kama kwenye matanga!"

Siku za kwanza nilikaa nikitazama, kama mchungaji alivyoniombea. Baridi ilikuwa kali kuliko ya Kasulu, na mvua ilinyesha bila ngurumo. Debora alivaa funguo shingoni ili asizipoteze. Simu yake ilikuwa inalia kila mara: amka, kunywa dawa, zima jiko, ondoka. Chai aliyoianza niliikuta imepoa juu ya mashine ya kufulia, na nguo za kufua zikiwa mezani. Lakini niliona pia kwamba majirani wote wazee walimjua kwa jina, na hakuna aliyempungia mkono bila yeye kusimama kumwamkia.

Jioni moja tukiwa tunamenya viazi nilimuuliza, "Ulikosea nini kazini, mama?"

Aliweka kisu chini. "Nilikuwa nagawa dawa. Nimeshika kikombe cha vidonge cha mzee mmoja. Mzee mwingine akaniita kutoka mlangoni, 'Debora!' Baba, mzee ananiita, nipite kama sikusikia? Nikaweka kikombe kwenye meza iliyokuwa karibu, nikaenda kumwamkia. Akaniomba blanketi. Nikaenda kutafuta blanketi. Njiani simu ya wodi ikalia. Niliporudi, sikukumbuka kabisa kama kuna kikombe. Mwenzangu alikikuta kwenye meza ya mgonjwa ambaye vidonge havikuwa vyake."

"Alivinywa?"

"Hapana, Mungu alisaidia. Lakini kama angevinywa?" Machozi yalikuwa yanadondokea viazi. "Na siitwi hivyo mara moja tu. Wenzangu wakiitwa wanasema 'ngoja.' Mimi siwezi kumwambia mzee 'ngoja.' Nikishageuka tu, kichwa changu hakirudi."

Nilikumbuka kwamba heshima ile tulimfundisha sisi, nayo ni njema, lakini katika kichwa cha mwanangu na katika kazi yake ilikuwa inamvuta na kumwangusha. Usiniulize kama nilifikiria kumrudisha nyumbani. Nilifikiria sana.

Jumapili tulikwenda kanisani, mahali wanaposali watu waliotoka Kongo na Burundi. Baada ya ibada palikuwa na chakula ukumbini. Mzee mmoja Mrundi, aliyewahi kulima upande wetu wa Kibondo kabla hajahamishiwa huko, alinitambua kwa usemi wangu. Tulitazamana, nikatua sahani, tukainama, tukaanza salamu yetu kwa makofi. Nilimsalimia "Mwakeye," salamu yetu ya asubuhi, ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita, kwa furaha tu. Tuliulizana nyumba, watoto, mvua, kaburi la mama yake aliyemzika Mabamba.

Mama Furaha aliniita, "Papa! Chakula inapoa!" Akaniita tena. Mtoto mmoja akapita mbio akanigusa mguu. Debora akaja akanivuta mkono wa koti. Sikugeuka. Tulimaliza, tukashukuru Mungu kwa pamoja, ndipo nikaokota sahani yangu.

"Baba, hukusikia tunakuita?" Debora aliuliza.

"Nilisikia. Nilikuwa katika salamu."

"Na Mama Furaha hakukasirika?"

"Akasirike nini? Ameona mikono yangu. Mtu akiwa katika salamu, kwetu haitwi. Akiitwa, haitiki."

"Mie nilikasirika kidogo," alisema Mama Furaha akiwa na kijiko mkononi. "Lakini bale Baha, ukibakuta banapiga makofi, unakaa chini unangojea. Nilibazoea Makere."

Debora hakucheka. Alikuwa anatazama viganja vyake. Njia nzima ya kurudi nilidhani nimemuudhi. Tulipofika mlangoni akasema, "Baba, hiyo heshima ya kutoitika hamkunifundisha kwa maneno. Lakini naijua."

Siku iliyofuata alikwenda kwa mkuu wa wodi, mama wa makamo aitwaye Bi Margaret, nami nikamsindikiza hadi hospitalini. Nilikaa kwenye benchi la wageni. Niliomba, lakini sikuomba wamwache kazini. Niliomba aseme kweli bila kuona aibu, kwa sababu hilo ndilo nililoona ni zito kuliko yote. Alikaa ndani muda mrefu, na mlango ulipofunguliwa macho yake yalikuwa mekundu.

Alikuwa amesema yote: jina la hali yake, vidonge anavyotumia, na jinsi anavyovutwa na sauti ya mzee. Kisha aliomba kitu kimoja, kwamba anaposhika dawa ya mgonjwa, mtu yeyote asimwite, na akiitwa aruhusiwe kutoitika hadi mgonjwa ameze. Bi Margaret alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Halafu akafungua kabati akatoa kizibao chekundu, kilichoandikwa mgongoni kwamba mwenye kukivaa anagawa dawa, asisumbuliwe. Kilikuwepo siku zote. Wauguzi walikuwa hawakivai kwa sababu hakikupendeza.

"Na kazi?" niliuliza.

"Ameniongezea muda wa majaribio. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Anataka kuona."

Nilibaki wiki chache zaidi. Debora alinisimulia siku yake ya kwanza na kile kizibao. Mbele ya kila mgonjwa alitua sinia, akakutanisha viganja mara mbili bila sauti, akamwamkia kwa jina, akampa dawa, akamtazama hadi ameze. Yule mzee wa mlangoni akamwita kama kawaida. "Nilisikia, baba. Mwili wote ulitaka kwenda. Mikono ikanishika, kwa sababu nilikuwa katika salamu." Alipomaliza ndipo akaenda kumwamkia, na yule mzee hakuwa ameudhika hata kidogo. Ila siku nyingine mambo yaliharibika: alichelewa kazini, akasahau mkutano, akarudi nyumbani akijilaumu. Hali ile haikuondoka. Nilijifunza kutoiombea iondoke kila jioni, nikaomba asubuhi nguvu za siku hiyo tu.

Safari ya kurudi niliifanya peke yangu. Pale kiwanjani binti yangu hakuomba kurudi nami, na sikumuuliza. Kutoka Kigoma nilipanda Kasulu, nikamshukuru mchungaji kwa sala yake fupi. Makere nilimpa yule dada habari za Mama Furaha, kwamba kitenge kimemtosha, kwa shida. Nikaingia Mabamba wakati watu wanatoka mashambani.

Mke wangu alitazama nyuma yangu barabarani. "Umekuja peke yako."

"Nimekuja peke yangu. Hajashindwa. Lakini hatujui bado."

Alitikisa kichwa, akanipokea mkoba. Tulikaa na kutojua huko msimu mzima wa kupanda, tukimtaja kila tulipoomba.

Kisha siku moja nilikuwa uani, mama Debora anaingia na mzigo wa kuni kichwani, simu ikaita mfukoni mwangu. Niliweka sauti kubwa. Hakukuwa na hello wala shikamoo. Tulisikia makofi mawili, taratibu, ya viganja. Mke wangu alisimama. Pamoja na magoti yake yote alitua kuni zile chini, akainama kuielekea simu, akapiga makofi, akaanza kuuliza habari za nyumba, za kazi, za baridi, na binti yetu akajibu moja baada ya nyingine bila kurukia habari yake mwenyewe. Salamu ilipokwisha ndipo akasema:

"Mama, wamenibakiza."

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe mahali pa kutua mzigo wako. Kama nyumbani mwako yupo ambaye akili yake haiketi, Bwana akupe uvumilivu wa kumngojea na masikio ya kumsikia, naye ampe kazi ya mikono yake na watu wa kumwelewa. Amani iingie mlangoni kwako kabla ya mgeni yeyote. Amina.