Effie MacCuish Awafungulia Ndege Rundo la Shayiri

Saa tatu kasorobo asubuhi, na mwanga wa Januari ndio kwanza unachungulia kisiwa cha Uist. Effie MacCuish, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anachomoa miganda miwili ya shayiri kwenye rundo lililo nyuma ya zizi, anawatupia ng'ombe wake kumi na mmoja. Kisha anajibanza pembeni na kuukodolea macho waya wa ua.

Anawangoja ndege: wale wanene wa kahawia, wenye mdomo mzito, ambao majira ya baridi huishi kwa mbegu. Makonde yakiwa matupu na ardhi imeganda, punje zilizomo ndani ya miganda ndizo rizki waliyoandikiwa.

Zamani kila nyumba ilikuwa na rundo lake. Leo wengi huikata shayiri ikingali mbichi, haijafunga mbegu, wakaifungasha kwa plastiki nyeusi. Kijijini hapa limesalia rundo la Effie peke yake.

"Mwaka juzi nilihesabu thelathini na wawili," asema. "Mwaka jana, wanne. Na kosa ni langu."

Mabata bukini ndio waliomponza. Walishuka kwa mamia wakirarua miganda, naye kwa hasira akalifunika rundo lote kwa wavu wa matundu madogo, akaukandamiza kwa mawe. Bukini wakashindwa. Ndege wadogo nao wakashindwa, wakawa wananing'inia juu ya wavu, punje wanaziona, hawazifikii.

"Nilidhani wadogo watapata pa kupenya. Nilipokuja kuufungua ni Februari. Walihama au walikufa, sijui."

Msimu huu ameukunja wavu hadi kimo cha kiuno, upande unaotazama ukuta, penye mwanya usiomtosha bukini kukunjua mbawa. Wiki tatu zimepita. Hajatua hata mmoja.

Jirani yake Ruairidh, apitaye na trekta, hakosi neno.

"Wee Effie! Rundo lako limepandisha sketi, halioni haya?"

"Langu lina sketi. Mafurushi yako yamevaa mifuko ya taka!"

"Lakini hayaozi, bibi wee."

"Zima hilo dude, utawatisha."

Ruairidh anazima, anashuka. Ndege mmoja anatua juu ya waya. Anainamisha kichwa, anaruka, anapotelea mwanyani. Wa pili anamfuata. Kisha wanaporomoka kwa makundi.

"Kumi na tisa," Ruairidh ananong'ona.

"Ishirini. Umemwacha yule mgongoni mwa ng'ombe."

Effie anafuta macho kwa mkono wa koti. Angependa marundo mawili, asema, ila bega lake limechakaa. Moja ndio mwisho wa nguvu zake.

Ruairidh anajikuna shingo. "Ile shayiri ya pembe ya konde langu la chini... mwaka huu niiache ikomae?"

"Na miganda utajua kuipanga?"

"Baba alinifunza."

"Alikufunza vibaya. Nitakuja kukusimamia." Effie anacheka, kisha anamkazia macho. "Ila ndege hawali ahadi, Ruairidh. Septemba, wakati wa kuvuna, uje na mikono."