Winchi ya Dereva wa Garbatulla

Kila Jumatatu dereva wa Garbatulla huingia dukani kwa Kiende, anayeuza vipuri, humtolea salaam aleikum ya chini chini, kisha huinamia winchi ileile ya bei nafuu, ya kuvutia gari lililokwama. Hupitisha waya wake vidoleni polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Viganja vyake vina makovu ya kuchunwa na kamba. Hajawahi kuuliza bei.

Leo uvumilivu ulimwisha Kiende. "Mzee, chukua tu. Itavuta gari yako bila shida."

"Waya ni mita ngapi?"

"Kumi na tano."

Akatoa mfukoni kamba yenye fundo, akamshikisha Kiende ncha, akarudi kinyumenyume hadi nje. Fundo lilifika katikati ya barabara. "Gari ilikwama hapo ulipo; mti wa kufungia kamba ulikuwa hapa," alisema. "Nilipima maji ya laga, ule mto wa msimu, yalipokauka. Hiyo waya haifiki."

"Si utaiongezea kamba?"

"Siku ile nilivuta kwa kamba. Ilikatika."

"Lakini kwa mtu wa kukwama mara moja moja, si inatosha?"

Dereva aliikunja kamba yake taratibu. "Nilikwama mara moja tu," alisema, "na mama watoto akiwa ndani, maji yakipanda."