Mbao Yangu Mbili Chini ya Kiti ya Mukubwa

Kama uko na ile video mu telefone yako, nakuomba uifute, maana ule mwanamuke anayekimbia mu mvula na jupon ya kijani, ile ya kuvaa ndani ya pagne, mbao mbili ku kichwa, ni mimi, Mama Asifiwe, mwenye diplome ya État, na siwezi kukana, hata sauti ni yangu. Mushaki muzima wameiona. Bwana yangu, aliyeenda Mpofi kununua mafuta ya ngazi, mawese, aliiona kule kabla simu yangu imufikie. Basi niache niseme mwenyewe vile ilikuwa, kwa sababu wanaocheka wanaona jupon, hawaoni kile nilikuwa nakimbilia.

Mambo ilianza na kanivo. Avenue yetu iko mu mutelemuko, mvula yote ya kilima inapita kwetu, basi mradi mumoja ukakuja kutuchimbia kanivo ya kuchukua maji. Tulipiga vigelegele, wajinga sisi. Wakachimba mbele ya milango yetu shimo ya kufika muntu muzima ku kifua, upana wake sawa kitanda, wakaijenga mawe na sima, wakasema kila mulango utapata dale yake, bamba ya sima ya kuvukia. Dale hatukuona. Kila muntu akatafuta mbao zake, akazilaza juu ya shimo, akapita akishikilia Mungu. Na mimi niliye wa mwisho kule chini nilipata zawadi ingine: sima yao iliishia sawasawa ku kona ya jikoni yangu. Pale kanivo inakatika, maji ya avenue yote inaingia mu lupango yangu, mpaka ku mulango. Nilipouliza enjenieri, akanijibu polepole, kama muntu anayeongea na mugonjwa:

"Mama, kwenu ni fazi ya pili."

Fazi ya pili, ni kusema awamu ya kisha! Kama vile maji itasimama ku kona ingoje karatasi isainiwe.

Kisha tukasikia mukubwa wa mradi anakuja kufungua kanivo (kufungua kitu haijaisha, hata leo sijaelewa). Shefu ya avenue akanikuta nafua nguo.

"Mama Asifiwe, tunakosa mbao ya tribini, jukwaa ya mukubwa. Utupatie zile zako mbili."

"Na mimi nipite wapi, Papa Shefu? Niruke sawa chura?"

"Ni saa mbili tu, mama, kisha tunazirudisha. Na tena wewe njo utasoma diskur, hotuba ya wamama, uko na diplome. Ukimaliza kusoma, nitamunong'oneza mukubwa: dale ya kwanza iende kwa huyu."

Pale njo nilikosea. Na nisidanganye, haikuwa dale peke yake. Kulikuwa na pagne ya uniforme, kitenge ya wamama wote, kulikuwa na mikro, na tangu nimalize masomo hakuna aliyeniomba kusoma kitu isipokuwa karatasi ya chanjo ya mutoto. Nikakubali.

Siku ya sherehe, vijana ya Shefu wakangoja nivuke wakati mbao iko bado. Mutoto, Asifiwe, ako na miezi saba, nikamuacha mu nyumba na mama mukwe wangu, mwenye muguu mubaya, wa kutembea akishika ukuta. Kwa nini sikumubeba? Kwa sababu sikutaka anikojolee ku pagne mupya. Chekeni ile pia, mimi sifichi. Mama mukwe akatoka ku mulango akaangalia kilima.

"Binti yangu, kule juu kumefunga mawingu. Acheni hata mbao moja."

"Mama, jua hii yote! Saa mbili tu."

Nikavuka. Vijana wakavuta mbao nyuma yangu, wakaenda nazo.

Saa mbili ikakuwa saa tatu, ikakuwa ine, mukubwa hajafika, kwaya imeimba mpaka wimbo zimeisha wakaanza tena ya kwanza. Mara gari ikafika. Mukubwa akapandishwa ku tribini (mbao zimelazwa juu ya kreti za bia, hata musumari moja hakuna), akakaa mu kiti ya plastike, enjenieri kando yake, na mimi mbele, mikro ku mukono, chini ya bashe ya bluu, turubai ya kukinga jua. Nikaanza kusoma ile karatasi yao, maana diskur hawakuniachia niandike mwenyewe, waliniletea imekwisha.

"Mukubwa, sisi wamama ya avenue tunakushukuru, kwa sababu leo maji haitaingia tena mu nyumba zetu..."

Ni pale mvula ilianguka. Si kusema manyunyu, hapana, ilianguka yote mara moja, bashe ikapiga kelele sawa ngoma. Nikashusha karatasi. Shefu akanivuta ku pagne:

"Endelea! Usituaibishe!"

Na mimi nikaendelea. Hapo njo haya yangu ya kweli iko, si mu jupon. Nilisoma tena mistari miwili, "mutoto wetu analala kwa amani," nikasoma vile, na kanivo nyuma ya watu inajaa, inanguruma, rangi ya udongo. Kisha jirani yangu Mama Riziki, ule hajawahi kunionea huruma hata siku moja, akapiga kelele kutoka kati ya wamama:

"Mama Asifiwe! Bassin yako inakuja kusikiliza diskur!"

Watu wakacheka. Nikaangalia chini ya avenue. Bassin yangu ya kufulia inazunguka mu maji, sandale yangu moja, sufuria ya uji. Na ng'ambo ya kanivo, ku mulango wangu, mama mukwe amesimama, maji ku magoti, Asifiwe amefungwa ku mugongo, mukono moja unashika ukuta, ule mwingine unaniita. Mbele yake kanivo. Nyuma yake ukuta ya udongo inayolowa. Na mbao yake ya kutokea iko wapi? Iko chini ya viatu yangu.

Sikukumbuka kuzima mikro. Ile sentensi mnaimba wote leo ku soko ilitoka vile:

"Mukubwa, simama, umeikalia njia ya mutoto wangu!"

"Mama, heshima kidogo," enjenieri akasema.

"Heshima yangu iko ng'ambo, inazama!"

Nikashuka, nikainama, nikashika mbao ku mwisho, nikavuta. Kreti zikafuata. Kiti ya plastike ikaenda nyuma pamoja na mukubwa, miguu juu, mu tope, na enjenieri juu yake. Shefu akanikamata ku pagne, nikavuta mbele, yeye akabaki na pagne mu mukono. Njo jupon. Nikatia mbao ku kichwa, nikakimbia, telefone zote zinanifuata.

Nikafika. Nikarusha mbao ya kwanza. Ikaanguka kabla tu ya kufika ukingo ule mwingine, maji ikaichukua. Nikasema nimerusha vibaya. Nikaipima ya pili juu ya shimo, kwa utulivu, na bado ilikosa mukono muzima kufika. Nikaangalia mwisho yake: mbao mweupe, mupya, unga ya msumeno ingali. Waliikata. Waliikata ili tribini ikae sawa, ipendeze ku foto, na mimi nilisimama juu yake nikisoma, sikuona.

Nililia pale kama mutoto. Mama mukwe ananiangalia tu, maji inapanda ku mapaja. Ndipo muntu akanisukuma na bega. Mama Riziki, mbao moja kati ya zake za mikaratusi ku kichwa, ya kutoka ku mulango wake.

"Toka hapo na jupon yako, ushike huku."

Tukailaza. Nikapita, nikamufungua Asifiwe, nikamufunga ku tumbo, na mama mukwe akavuka kwa makalio, polepole, sisi wawili tunamushika mikono. Alipofika, aliniangalia juu mpaka chini.

"Saa mbili tu," akasema. Basi.

Jioni ukuta ya upande wa jikoni ikaanguka. Tulikuwa kwa Mama Riziki, tuliisikia tukikunywa chai.

Dale ya kwanza imeshaletwa, ndiyo. Iko mbele ya kabare ya Shefu, pale anauzisha pombe. Na wiki iliyopita Shefu mwenyewe alikuja na enjenieri na watu wa komite, na karatasi mu plastike: nisome mbele ya wote kwamba nilimukosea mukubwa, ili fazi ya pili ikubaliwe. Hata hii waliandika wao.

Nilikuwa napika nje. Mama Riziki ameniachia ile mbao yake mpaka bwana yangu arudi. Nikaosha mikono, nikaenda ku kanivo, nikaivuta ile mbao upande wangu, nikaisimamisha ku ukuta.

"Mama Asifiwe, sasa tutapita wapi?" Shefu akauliza.

Nikamwambia njia ni ya fazi ya pili. Na kusoma, sisomi tena neno la muntu mwingine, hata anipe pagne kumi. Ng'ambo ya shimo yao wakageuka na karatasi yao, na mimi nikarudi ku sufuria.